Naomba ushauri: kugawana chupa za kale zilizochimbwa kwenye kiwanja cha mtu

Habari zenu wakuu. Tuko watatu, tunachimba shimo la choo cha zamani kutafuta chupa za kale zilizotupwa humo, kwa ruhusa ya mwenye kiwanja. Makubaliano ni ya mdomo tu (hapo tulikosea): yeye achague chupa moja kwanza, zinazobaki tupige kura ya kujua nani wa kwanza, kisha tuchague kwa zamu ya kwenda na kurudi, yaani 1-2-3 halafu 3-2-1.

Kwa chupa za kawaida utaratibu huu hauna ugomvi. Shida ni ikitoka moja inayozishinda zote: ya buluu iliyokolea, kitakoni ina kovu la fimbo ya mpuliza kioo, mshono wa kalibu umeishia shingoni (dalili kwamba ni ya zamani, ilimaliziwa kwa mkono). Wa kwanza kwenye kura anaondoka na karibu thamani yote. Tulipendekeza iuzwe tugawane pesa, mmoja kagoma.

Halafu mwenye kiwanja alichagua yake ikiwa na tope. Ilipooshwa, ufa mwembamba ukaonekana begani, sasa anataka kubadilisha.

Naomba kujua: anayechukua chupa kubwa awafidie wenzake pesa, au aruke zamu, na ngapi? Na mwenye kiwanja achague kabla ya kuosha au baada?