Picha ya soko la mazulia: niishushe dukani?

MuuzaLeso
Asalaam alaykum jamaa. Nina kiduka cha leso Biashara Street, Mombasa, na nyuma ya kiti changu nimetundika picha aliyoniachia marehemu baba: soko la mazulia la Cairo, la Mfaransa Jean-Léon Gérôme, ya miaka ya 1880 hivi. Yangu ni ya kuchapishwa tu, yenyewe iko Minneapolis, Marekani. Juzi kaingia kijana wa chuo. Badala ya kuulizia doti akanihutubia: hayo ni matusi, Mzungu anatudhihaki, ishushe.

Mimi nimeitazama miaka 19. Zulia kubwa jekundu limeangushwa kutoka juu ukutani, wanaume wamesimama wanalikagua, mengine yamelala chini. Mbona ndivyo ninavyouza! Leso iliyokunjwa haimvuti mtu. Lazima uikunjue mpaka mteja aone mji na pindo, asome jina, acheke au anune. Sasa tusi liko wapi?

Mwanasanaa_Kibokoni
Dada, kijana hakukosea kabisa, adabu tu ndiyo ilimpungukia. Gérôme Misri alifika kweli, tena si mara moja, lakini kazi yenyewe akiifanyia Paris, kwa michoro, picha za kamera na vitu alivyorudi navyo. Itafute ile ya mcheza nyoka. Vigae vya buluu ukutani ni vya jumba la Topkapi, Istanbul, na mchezo wa nyoka si wa huko! Kakoroga. Ila rangi kazilainisha hata alama ya brashi huioni, basi mtu huapa kwamba aliyaona yote pamoja. Ndiyo maana picha hiyo iliwekwa kwenye jalada la Orientalism, kitabu cha Edward Said cha 1978 kinachokosoa jinsi Wazungu walivyotusawiri watu wa Mashariki.

Ukitaka wa upande wetu, mtazame Osman Hamdi Bey, mchoraji wa Kituruki wa zama hizo hizo. Naye alisomea Paris, lakini watu wake utawakuta wanasoma vitabu.

FundiFremu
Soko gani hilo halina jasho? Njoo Marikiti saa nne asubuhi, hamali anapiga kelele "njia! njia!" na mkokoteni wa viazi unakukosa kisigino.

Lakini tusimsingizie Mfaransa peke yake. Kila wiki natia fremu picha za watalii: mlango wa nakshi, punda, mama wa buibui anapita. Wachoraji ni vijana wetu wa Mji wa Kale. Mmoja alichora mlango uleule na pikipiki imeegeshwa mbele, kama ulivyo kweli. Bado ninayo hapa, mwaka wa pili sasa.

MuuzaLeso
Nimefunga duka nikaiangalia upya. Fundi, nimetafuta daftari la madeni mle pichani, sikuliona. Heri yao!

Haishuki, ni ya baba. Kijana akirudi nitamsimulia hayo ya vigae, na hatoki bila doti ya mamake. Na hiyo ya pikipiki, Fundi, bei gani? Pana nafasi upande wa feni.