Mrejesho: Maili za mama tumeziokoa

Jamani, asanteni. Mwezi uliopita niliwauliza kama maili, yaani pointi ambazo shirika la ndege humpa msafiri, alizokusanya mama akienda kumwona dada yangu London zitapotea, maana mashirika mawili ya ndege yalitangaza kuvunja ushirikiano.

Hazikupotea. Mmoja wenu alinishauri niangalie kwanza kadi ya kukusanyia maili ni ya shirika gani, na hapo nikafunguka macho. Maili hukaa kwa shirika lililotoa kadi, hata kama ulipanda ndege ya mwenzake. Kinachokatika ni kuzikusanya na kuzitumia kwa yule mshirika baada ya tarehe ya mwisho.

Shida ilikuwa safari moja ambayo maili zake hazikuwa zimeingizwa kwenye akaunti. Mama huweka vipande vya pasi za kupandia ndege ndani ya Biblia, na hicho kimoja wino ulikuwa umefifia. Tulikaa naye barazani hapa Kisumu, tukakiinamisha juani hadi tukasoma tarakimu zote 13 za tiketi. Huduma kwa wateja walinizungusha siku tatu, na iliniuma sana, lakini wakaziingiza.

Tiketi ya Nairobi hadi London tumeikata kwa maili kabla ya tarehe. Kodi tumelipa taslimu. Kisumu hadi Nairobi ni tiketi tofauti, kwa hiyo mama atachukua mzigo JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na kuukabidhi upya. Nimempangia asafiri asubuhi, ndege kubwa ni ya usiku.

Vipande vya pasi msivitupe, tafadhali.