Meno yanatiwa ganzi nikinywa maji ya baridi: naomba ushauri

Mama Neema, Keshero (Goma):
Ndugu zangu, nimekulia Rusayo, karibu na volkano ya Nyiragongo, ambako tulikunywa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati, na tangu utotoni meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia. Kwa kuwa mdogo wangu anaolewa, nimekuwa nikiyasugua kila asubuhi kwa unga wa makaa na ndimu. Madoa yamebaki palepale, lakini sasa hata upepo wa ziwani nikiwa juu ya pikipiki hunichoma jino kama sindano, kisha maumivu hutoweka mara moja. Je, nimeyaharibu?

Muganga wa Meno, Bukavu:
Pole sana, Mama Neema. Acha makaa na ndimu leo hii, usingoje harusi ipite. Moshi wa Nyiragongo una madini ya floridi ambayo huingia katika maji ya mvua, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya ufizi, madoa huumbika pamoja na jino lenyewe, hayasuguliki. Ulichokwangua ni gamba gumu la nje, lililokwisha kulainishwa na asidi ya ndimu. Chini yake kuna dentini, yenye vijitundu vyembamba mno vilivyojaa majimaji, na baridi ikiyatikisa, neva ya jino hushtuka.

Tumia mswaki laini bila kukandamiza, na dawa ya meno yenye nitrati ya potasiamu pamoja na floridi (kwa mtu mzima haileti madoa, kwani meno yamekwisha kuumbika), asubuhi na usiku. Tema povu, usisukutue. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Ukinywa maji ya marakuja, yenye asidi kama ndimu, ngoja angalau dakika 30 kabla ya kupiga mswaki.

Papa Bahati, Birere:
Langu huuma usiku kucha bila kuguswa na kitu. Nitumie dawa hiyohiyo?

Muganga wa Meno, Bukavu:
Hapana, Papa. Hiyo si ganzi, huenda kiini cha jino kimeshaathirika. Nenda kwa daktari wa meno wiki hii, na uso ukivimba, nenda siku hiyohiyo.

Mama Neema, Keshero (Goma):
Asante sana, Muganga. Binti yangu wa miaka 4 yuko Rusayo kwa bibi yake, ambaye huchemsha maji hayohayo ya mvua. Inatosha?

Muganga wa Meno, Bukavu:
Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi hubaki yote, na maji yakipungua sufuriani huzidi kukolea. Mtafutieni maji mengine yaliyopimwa, ya kunywa na ya kupikia uji wake, mpaka afikishe miaka 8 hivi.