Naomba ushauri: niliibiwa simu Mwanjelwa, hii mpya niifungeje?

Katibu wa Kikoba, Uyole
Shikamooni wakubwa, nanyi wenzangu habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa Uyole, Mbeya. Wiki iliyopita, nikigombania daladala jioni pale Mwanjelwa, nilichomolewa simu mkobani na sikugundua hadi niliposhuka. Nilikuwa nimeifunga kwa mchoro wa herufi L, kwa kuwa mwanangu huichezea na sikutaka anisumbue kila mara. Kabla laini haijafungwa, pesa zangu zote zilikuwa zimehamishwa, na wanachama wawili walikuwa wametuma fedha baada ya kupokea ujumbe kwa jina langu kwamba mwenzetu amelazwa. Namba ya siri ya pesa sikuwa nimeiandika popote, basi waliipataje? Na simu mpya niifungeje, maana nabeba humo mambo ya wanawake ishirini?

Wakala, Kabwe
Pole sana, dada. Namba hiyo haikuwa mwaka wako wa kuzaliwa? Na kwenye picha zako hukuwa na picha ya kitambulisho cha NIDA? Nauliza kwa sababu wateja wangu wengi hupiga picha kitambulisho ili wasikibebe, na aliyefungua simu husoma tarehe ya kuzaliwa humo humo.

Katibu wa Kikoba, Uyole
Vyote viwili ni kweli, kaka. Nimeishiwa nguvu.

Fundi Simu, Mafinga
Dada, usijilaumu. Michoro ya nukta tisa inaweza kupangwa kwa namna 389,112, lakini watu wengi huchora herufi, na mwizi huanza na hizo hizo. Isitoshe, kidole huacha mafuta kwenye kioo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba mchoro unaweza kusomwa kutokana na alama hizo. Weka tarakimu sita zisizohusiana na tarehe yoyote: tarakimu nne zina michanganyiko 10,000, sita zina 1,000,000. Zuia pia ujumbe usisomeke simu ikiwa imefungwa, kwa sababu namba za uthibitisho hutokea pale juu ya kioo bila mtu kufungua chochote.

Lakini jambo ambalo wengi hawalijui, na linaloniuma kila mteja anapokuja analia, ni kwamba kufuli la kioo halilindi laini. Mwizi huichomoa, akaiweka kwenye kiswaswadu, akapokea ujumbe wako wote na kufungua menyu ya pesa. Ifunge laini yenyewe kwa PIN yake, kupitia sehemu ya usalama kwenye mipangilio, na kwenye WhatsApp washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya akaunti yako.

Mama Viazi, Isyonje
Mwanangu, mimi niliambiwa nitumie alama ya kidole, lakini mikono yetu hii ya kuchimba viazi simu haiitambui, hasa asubuhi za baridi. Nilirudi kwenye tarakimu, na mjukuu nikamnyima. Alilia siku mbili tu.

Katibu wa Kikoba, Uyole
Asante, mama, picha ya kitambulisho nimeifuta. Fundi, nimejaribu kufunga laini, simu ikaniomba PIN ambayo sijawahi kuiweka. Nimebahatisha mara moja, inasema zimebaki nafasi mbili.

Fundi Simu, Mafinga
Simama hapo hapo, dada, usibahatishe tena. PIN ya mwanzo huwa imeandikwa kwenye kadi kubwa ambayo laini ilibanduliwa. Kama uliitupa, waulize watoa huduma wa laini yako. Ukikosea mara tatu utaombwa PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga, yenye tarakimu nane, na ukikosea hiyo mara kumi laini inakufa kabisa, itabidi uende na kidole chako kuomba nyingine. Ukishaipata PIN ya mwanzo, ibadilishe siku hiyo hiyo, na usiihifadhi ndani ya simu.