Mrejesho: maua ya vitambaa vya nyanya

Niliuliza jinsi ya kuhamishia kwenye karatasi maua yaliyotariziwa kwenye vitambaa vya viti vya nyanya yangu, bila kuyafumua wala kuyachafua kwa wino. Aliyesema nisugue, asante sana, Kakamega tumefaulu! Nilibana kitambaa kwa pini juu ya ubao, nikafunika kwa karatasi nyembamba, nikasugua kwa ubavu wa krayoni nyeusi. Mshono wa mnyororo (vitanzi vya uzi vinavyoshikana kama pete), kwa kuwa umeinuka, ulijitokeza wote. Majani yaliyojazwa uzi yalitoa doa tu, kingo nikazimalizia kwa mkono. Penseli ngumu achaneni nayo, inapasua karatasi. Sasa natoboa mistari kwa sindano, kisha nipitishe unga wa makaa kwenye vitundu hivyo hadi kitambaa kipya. Dadangu ameshadai nakala, na uzi wenyewe hana.