Watoto wangu wawili: mmoja pesa haimkai, mwingine haimtoki. Wameiga kwangu?

BintiLangoni ameuliza:

Assalaam alaikum jamaa wa humu. Nina swali limenikaa kooni wiki nzima.

Mimi ni mtu wa kubana, sijifichi. Hapa Lamu, mtaani kwetu Langoni, wananiita mkono wa birika. Wakicheka nacheka nao, maana hao hao ndio huja saa nne usiku kunikopa mia mbili. Nauza mahamri alfajiri na viazi vya karai jioni. Nikikuna nazi mbili, hakuna chake kinachotoka nje ya ua. Kasimile inaingia kwenye unga wa mahamri. Namimina maji ya vuguvugu nakamua tena, hilo tui la pili ni la mchicha au maharagwe. La tatu, jepesi kama maji ya kunawa, napikia wali. Machicha nasugulia masufuria, yanayobaki ni ya kuku. Vifuu vinaingia jikoni pamoja na mkaa.

Hakuna aliyenikalisha kitako akanifundisha haya. Nilikuwa nachutama kando ya mbuzi nikingoja mamangu ageuke nidokoe nazi, kumbe macho yanasoma. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipasua kijiti cha kiberiti kwa wembe vikatoka viwili, na mara nyingi vyote viwili vikakataa kuwaka. Mifuko ya plastiki aliifua na kuianika kambani kama nguo za mtoto. Ilipopigwa marufuku Agosti 2017 aliikusanya yote chini ya godoro, akawa analala juu ya magendo.

Basi nikajua na wangu watafuata. Ninao wawili.

Kifungua mimba ana miaka 20, yuko chuo Mombasa. Nikimtumia pesa Ijumaa, Jumapili ananiandikia "Mama niko chini". Ana mkopo wa simu usiokwisha, kila nikituma unakatwa kwanza yeye ndio apate masazo. Mwezi uliopita alipiga picha na raba nyeupe ambazo bei yake sikuuliza, nilijua nitaumwa kichwa.

Kitinda mimba ni binti wa miaka 11. Huyu hata peremende anainyonya kidogo, anaifunga kwenye karatasi yake na kuiweka kesho. Nilikuwa nikijivuna naye, nasema huyu ndiye mjukuu wa bibi yake.

Sasa wiki iliyopita nilimwona anashuka ngazi kwa upande, mkono ukutani. Nikamwambia kaa hapa. Nilipomvua soksi ya kulia, ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi kama zambarau, na kisigino kimeota sugu. Kile kiatu cha shule, nikajaribu kuingiza kidole changu nyuma ya mguu wake, hakikupita. Ukubwa wake ulikuwa 35. Nilipompima kwa fundi, mguu unataka 37.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Ramadhani. Mbona hukuniambia?

"Nilikusikia ukihesabu."

Jamaa, mimi kila usiku huketi kitandani nikahesabu mauzo. Na huhesabu kwa sauti, nimezoea: unga, mafuta, mkaa, kodi, tokeni za stima, cha yule wa Mombasa. Ukuta wetu ni wa mawe wa zamani, mnene, nilidhani sauti haipiti. Kumbe juu ya mlango kuna kitundu cha hewa.

Basi niambieni. Je, mtoto anaiga ubanaji wa mzazi, au ni tabia ya kuzaliwa nayo? Na kama anaiga, huyu wangu ameiga nini hasa? Maana mimi sikumfundisha kuumia.

MhudumuWaMalindi amejibu:

Pole dada. Mimi nitakupa upande wa pili, upande wa kijana wako, kwa sababu ndimi yeye.

Niko Malindi, kazi yangu ni ya hoteli, nabeba sinia. Babangu alikuwa na shamba kando ya Mto Sabaki na sanduku la mbao lenye kufuli mbili. Funguo moja kiunoni, nyingine hatujui hadi leo. Kwetu sukari ilipimwa kwa kijiko, na kijiko kilipitishwa kidole juu kiwe bapa. Suruali yangu ya shule ilikuwa na viraka vya rangi mbili, wenzangu wakaniita bendera.

Mwaka 2019, Juni mosi, serikali ikatangaza noti mpya, na kwamba zile za zamani za elfu moja mwisho wake ni Septemba 30. Redio ilipiga kelele miezi minne. Mzee hakusema kitu. Hata sisi hatukudhani ana kitu, kwa vile tulivyoishi! Oktoba, siku ya tatu au ya nne, akaniita akafungua sanduku mbele yangu kwa mara ya kwanza. Noti 43 za elfu moja, zimefungwa kwa uzi wa nyavu, na karafuu ndani zisiliwe na wadudu. Akaniuliza kama namjua mtu benki. Nilizishika zile noti, zilikuwa ngumu na safi, hazijawahi kununua hata kiberiti.

Dada, siku ile niliapa. Nikipata, nakula. Na nikala kweli, Desemba hadi Machi wageni wamejaa, bahashishi kila siku, mimi na wenzangu hatukujua kesho. Halafu Machi 2020 korona ikaja, hoteli zikafungwa, nikarudi kwa mzee na begi moja. Akanilisha miezi sita mahindi ya shambani na ng'onda alizokausha mwenyewe. Hakunisema hata neno moja. Afadhali angenisema.

Sasa niko katikati. Nikiweka naona zile noti 43, nikitumia naona lile begi. Ukijua jibu nambie.

NipoShela amejibu:

Mimi babangu alikuwa anazima taa na sisi tumo chumbani. Nilimchukia kwa hilo, wallahi. Juzi nimemzimia mume wangu taa akiwa ndani anatafuta miwani. Hiyo ni damu, bi mkubwa, haina dawa.

Hayo mahamri ya kasimile unauza upande gani wa Langoni?

MwalimuMstaafu amejibu:

Waalaikum salaam Binti. Nimefundisha watoto wadogo miaka 31, na nitakwambia kitu kimoja nilichosoma kikanibadilisha.

Huenda umesikia lile jaribio la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto anawekewa pipi laini mezani, anaambiwa ukingoja bila kuila nitakupa mbili. Watu wengi walilichukua wakahubiri kwamba mtoto anayengoja ndiye atakayefaulu maishani, kama kwamba subira ni pua, unazaliwa nayo. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walipima tena kwa watoto wengi zaidi, wakaona kwamba ukishahesabu hali ya nyumbani kwao, ule uhusiano unapungua sana.

Lakini lililonigusa ni jingine, la Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, hukohuko Marekani, lilichapishwa 2013. Watoto 28 tu. Kabla ya pipi, kila mtoto aliahidiwa rangi nzuri zaidi za kuchorea, akaambiwa angoje. Nusu yao mtu mzima alirudi nazo. Nusu nyingine alirudi mikono mitupu, samahani, hazipo. Ndipo likaletwa lile jambo la pipi. Waliotimiziwa walingoja kama dakika 12 kwa wastani. Waliovunjiwa ahadi, kama dakika 3.

Watoto wa namna moja, pipi ileile. Na ukiniuliza mimi, wale wa dakika tatu hawakuwa wabadhirifu, walikuwa na akili timamu. Kwa nini ungoje kwa mtu ambaye hapo nyuma hakuja na kitu?

Kwa hiyo nikuulize, na usinijibu hapa kama hutaki. Yule kijana wako alipokuwa mdogo alikuwa na kibubu? Nani alikivunja?

BintiLangoni amejibu:

Mwalimu, nimekusoma jana usiku nikaifunga simu. Nikaifungua tena alfajiri nikiwa na unga mikononi.

Alikuwa nacho. Mkebe wa maziwa ya unga, fundi wa bati alimzibia juu akamwachia mwanya. Alikuwa na miaka 9. Pesa za mkono wa Idi alitia zote, Idi ndogo na Idi kubwa, na visarafu alivyopewa na ami zake. Alitaka mpira wa ngozi, si wa plastiki, wa ngozi. Kila jioni alikuwa akiutikisa ule mkebe sikioni.

Ilikuwa Juni, kusi limekaza, babake hajatoka baharini siku kumi na mbili. Nikachukua kisu. Shilingi 1,850, nazikumbuka kwa sababu nilizihesabu kwa sauti. Nikamwambia nitakurudishia kaskazi likianza. Kaskazi likaanza, tukalipa deni la duka, tukalipa deni la injini. Aliniuliza mara mbili. Mara ya tatu hakuuliza.

Idi iliyofuata alipewa pesa asubuhi, na kufikia alasiri hana hata shilingi: aiskrimu, bastola ya maji, kapanda punda wa watu pale ufuoni kwa kulipa, sisi ambao punda wanapita mlangoni! Nikamchapa. Nikamwambia wewe umerithi wapi ubadhirifu huu.

Niacheni kidogo.

BinNahodha amejibu:

Mwanangu, usijile nyama. Umeiba kibubu cha mwanao akala wali, wengine waliviiba wakaenda kutafuna miraa.

Mimi ni mtu wa Matondoni, nina miaka 74. Mwalimu asinielewe vibaya, lakini naona watu humu watakwambia uache kuhesabu mbele ya watoto. Mimi nasema usiache. Babangu alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia boriti. Kaskazi likiisha aliporudi alimwaga pesa juu ya mkeka sote tukiona, watoto saba. Akazigawa mafungu, na kila fungu akalitaja jina. Hili la kusi. Hili la matanga na kamba. Hili la mwalimu wa chuo cha Kurani. Halafu kulikuwa na fungu dogo, hili la ugonjwa na nguo, na alituambia kwa kinywa chake: hili ni lenu, mtu akiumwa asinyamaze.

Basi sisi tulijua pesa ni chache, lakini tulijua na pale zinapoishia. Bintiyo amesikia hesabu kupitia kitundu, tena nusu. Alisikia unga, mafuta, kodi, na cha yule wa Mombasa. Chake alikisikia? Hukukitaja hata hapa ulipotuandikia, rudi juu usome.

Mwite akae kitandani mhesabu pamoja. Na zile za elfu za yule wa Malindi nimecheka hadi nimekohoa, Mungu anisamehe.

MhudumuWaMalindi amejibu:

Cheka tu mzee wangu, hata yeye siku hizi anacheka. Noti moja kaibandika ukutani.

BintiLangoni amejibu:

Nimerudi. Mzee wa Matondoni, nilirudi juu nikasoma. Kweli sikumtaja.

Viatu nimenunua Jumamosi. Nilikwenda naye mwenyewe dukani. Mwenye duka akasema elfu moja na mia nne. Kabla sijafungua mdomo, mtoto akasema, "Ami, hivi vimekaa dirishani vimepigwa na jua, ona hapa." Na kweli ngozi ilikuwa imepauka upande mmoja, mimi sikuona. Tukatoka kwa elfu moja na mia mbili. Vile vya zamani amekataa visitupwe, anasema kuna mtoto wa darasa la nne vitamtosha. Nikamwachia.

Jana usiku tulihesabu pamoja. Alitaka mafungu yaandikwe, akachana karatasi ya daftari. La kwake akaliandika "miguu", sijui kwa nini, nami sikumsahihisha. Ila fungu la kaka yake alilipunguza mia moja bila kuniuliza. Hilo tutalizungumza.

Kijana nilimtumia 1,850 kwa simu, sikuandika neno. Haukupita muda akapiga.

"Mama, umekosea namba?"

Nikamwambia ni za mpira.

Alinyamaza sana, nikadhani mtandao umekatika. Nikasema haloo. Akasema yupo. Akaniuliza kama babake ametoka baharini leo, nikamwambia ametoka, kapata tafi wachache. Akasema haya.

Halafu akaniambia ule mkopo umeshakata mia sita humo.

NipoShela, mahamri ni karibu na msikiti wa Riyadha, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njoo na chombo chako, mfuko sitoi.