Pasta katangaza mtoto wangu kapona kifafa kwa maombi, na dawa anameza kila siku. Jumapili nisimame niseme nini?

Mwanakwaya_MLD: Jamani hamjambo humu, nina swali na naomba msinitukane. Mie niko Malindi, naimba kwaya, mke wangu yuko kwa kina mama wa maombi. Kijana wetu alikuwa anaanguka, nyumbani, shuleni, popote, mamangu akasema hii ni nyuni, yaani pepo anayeangusha watoto, apelekwe kwa mganga nikakataa. Kanisani walimuombea na kufunga, na sio maigizo, watu walilia na sisi mpaka usiku. Lakini kimyakimya mke wangu alikuwa ashampeleka kliniki akaanzishiwa vidonge, na tangu hapo hajaanguka. Sasa pasta kasikia mtoto haanguki, katangaza madhabahuni kifafa kimekimbia, vigelegele hivyo, na Jumapili ni siku ya ushuhuda sisi tumepangwa wa kwanza. Kwetu daktari hajakatazwa waziwazi ila ukitaja dawa wanakuangalia kama imani yako ni ya kukopa. Ushirika wa nyumbani ukija kwetu vidonge vinaingia kwenye kopo la majani chai. Sisemi Mungu hajafanya kitu. Lakini nkishika ile maiki pale ntakuwa nani? Na nkinyamaza tu wakishangilia, si ni uongo pia?

Tabu wa Barani: Kaka usisimame. Anania na Safira shamba lilikuwa lao na pesa zao, Petro mwenyewe aliwaambia hivyo, hakuna aliyewalazimisha kuleta yote. Kilichowaua ni kutaka waonekane wameleta yote. Somo lenyewe hilo, Matendo 5.

Chege_Mnyonge: Tabu nawe, mtu ana mtoto mgonjwa wamuwekea watu waliokufa 😂 Ushuhuda si ripoti ya polisi. Sema Mungu ametenda, imba pambio, kaa chini. Kila mtu pale ana kopo lake la majani chai, kuna mzee wa kanisa namjua Jumamosi yuko mangweni anavuta mnazi kwa mrija na Jumapili ndo wa kwanza kukemea pepo wa ulevi, na kanisa halijaanguka.

NesiPwani: Chege hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Yule mzee na mnazi wake anajiumiza mwenyewe. Huu ushuhuda una msikilizaji. Pale kwenye viti patakuwa na mama ana mtoto wa kifafa, kampa dawa asubuhi, anasikia wa mwanakwaya kapona kwa maombi tu, akifika nyumbani anatupa. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla, ukiikata degedege yaweza kurudi kwa nguvu ikafululiza bila mtoto kuamka na hiyo inaua. Ni daktari ndo hupunguza pole pole, na kwa kawaida mpaka mtoto akae kama miaka 2 bila kuanguka. Na sio ugonjwa wa aibu, wala hauambukizi hata kwa mate, watu kama 70 kati ya 100 wanaweza kukaa bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Sisi wa Malindi jamani ndo wa kuambiwa haya? 2023 miili ya Shakahola, wale wanaodaiwa kuambiwa na mhubiri wao wafunge kula mpaka wafe, ililetwa hospitali yetu hapa, zaidi ya 400 ilifukuliwa kule msituni, na wengi walikuwa watoto. Sisemi kanisa lenu ni lile. Nasema pasta akishazoea kutoulizwa, mjue.

Mkatoliki wa Mtaani: Mie niulize tu, mbona nyinyi mwaungamia maiki? Kwetu ukiungama padri amefungwa mdomo, hata polisi hawezi kuwaambia. Na kwenye Biblia yetu kuna Yoshua bin Sira sura ya 38, tabibu aheshimiwe, dawa Mungu ndo kaziumba kutoka ardhini. Ingawa na sisi tusijisifu, foleni ya kitubio Pasaka ni ndefu na siri zinarudi vilevile.

Bibi wa Gede: Mwanangu mie ni mtu wa uamsho ule wa kanisa wa zamani uliotoka Gahini huko Rwanda miaka ya 1930, tumeungamana sana, mpaka wengine walikuwa waungama ya jirani. Soma Marko 9. Yule baba mtoto wake alikuwa anaanguka motoni na majini kama wako, akamwambia Yesu naamini, nisaidie kutoamini kwangu. Mbele ya watu wote, na Yesu hakumfukuza. Sasa usingoje Jumapili. Nenda na mkeo kwa pasta nyumbani kabla, jioni, muamkieni vizuri, muwekeeni vidonge mezani. Usimuaibishe kwa maiki, na asikulazimishe uongo. Akiwa mchungaji atatafuta njia ya kurekebisha mwenyewe. Akikasirika, basi umeshajua ulikuwa unaimba wapi.

Mwanakwaya_MLD: Asante Bibi, shikamoo. Mke wangu kasoma yote kanyamaza halafu kasema yeye ndo ataongea kwa pasta kwa sababu yeye ndo alimpeleka mtoto. Twaenda Alhamisi. Mamangu hatujamwambia, huyo bado ashikilia nyuni.

NesiPwani: Bebeni na kadi ya kliniki. Na Alhamisi jioni dozi isirukwe kisa mko kwa pasta.

Chege_Mnyonge: Utuambie pasta kasema nini. Na mzee wangu wa mnazi msimtafute tafadhali, nadaiwa naye.